Bosi Anataka Ramani

Jamani jirani, hivi ripoti ya karatasi ilikuwa na kosa gani? Nauliza tu. Zamani ripoti ya mauzo ilikuwa jina la duka, kiasi lilichonunua, kiasi linachodaiwa, basi. Unaipiga pini, unaiweka mezani kwa bosi, unaenda zako kunywa chai. Siku hizi hakuna bosi anayesoma karatasi. Anataka ramani. Tena siyo ile ya ukutani ya shule ya msingi yenye mito ya buluu. Anataka ramani inayocheza. Ukiivuta inakwenda, ukiigusa inakuza, ukibonyeza kidoti inakwambia Mangi wa hapo kachukua katoni ngapi za sabuni. Akishachezacheza nayo dakika mbili, anageuka, anakutazama wewe, anasema: "Safi sana. Sasa nitolee orodha."

Orodha! Si ndiyo ile karatasi yangu ya tangu mwanzo?

Mimi niko kwa msambazaji mmoja wa sabuni hapa Dar. Jina la kampuni nakaa nalo, nina watoto wanasoma. Kwenye barua ya ajira nimeandikwa ofisa mauzo. Ila kuna siku printa iligoma, nikachomeka waya uliokuwa umechomoka, ikaamka. Tangu siku hiyo ofisi nzima inaamini mimi ni mtu wa data. Dogo wa IT yupo, tena analipwa vizuri, lakini ana chumba chenye kiyoyozi na mlango unaofungwa kwa ndani. Mimi mlango sina. Kila mwenye shida ananikuta nimekaa hapohapo njiani kuelekea chooni.

Na huyo dogo kila akiniona: "Shikamoo mzee." Tumepishana miaka michache tu. Ni kipara ndicho kinanichongea.

Basi tukaingia kikaoni. Projekta inawaka, kila mtu na daftari lake. Bosi akaniita kwa cheo changu cha siku zote: "Bwana wewe, hebu nichujie maduka ya Tabata ambayo hayajanunua mwezi huu." Kwa wanaojua, kazi hiyo ni ndogo. Programu ina kitu wanakiita laso. Unashikilia kipanya, unazungushia eneo unalotaka, vidoti vya ndani vinabaki vimewaka, vya nje vinafifia. Dogo wa IT anafanya huku anatafuna karanga. Mimi bosi kanisimamia mgongoni. Nasikia pumzi yake kwenye kipara. Kipanya kiko juu ya meza ya kioo, hakitulii. Nikavuta, kikaruka. Nikazungusha, kikakwama. Nilipoachia nilikuwa nimeipata Tabata yote, Buguruni nusu, na kipande cha uwanja wa ndege. Dada wa uhasibu akasema kwa sauti ya kutosha chumba kizima: "Kachora muhogo." Wakacheka wote. Bosi hakucheka, na hapo ndipo paliponiuma.

Nikajikaza. Pembeni ya ramani kuna vidoti vitatu, ukibonyeza kuna sehemu ya kueksipoti. Nikabonyeza. Faili likashuka. Nikalifungua mbele za watu. Kuna Tabata, sawa. Kuna Mwanza. Kuna Tunduma. Kuna duka moja la Namanga mpakani kabisa. Nimezungushia Tabata, naletewa nchi nzima!

Dogo ikabidi aitwe. Akaja na karanga zake. "Mzee wangu, ukichagua kitu kwenye ramani, ramani yenyewe haijichuji. Inachuja majirani zake. Liangalie lile jedwali la pembeni, limebaki na ulichozungushia tu. Kaeksipoti kwenye jedwali." Akabonyeza, faili likashuka na Tabata yangu, na Buguruni yangu, na uwanja wa ndege wangu. Sasa niambie, jirani, mtu mwenye akili timamu angejuaje? Nimeishika ramani, nimeizungushia ramani, halafu mzigo naambiwa nikauchukue kwa jirani. Hata mjumbe wa nyumba kumi hafanyi hivyo.

Na hizo filta zina tabia mbaya. Hazitoki zenyewe. Kuna mtu, sitaki kumtaja, alikaa kwenye kiti changu, akatumia neno langu la siri, akachagua Tanga, akaenda nyumbani. Asubuhi bosi anafungua ripoti kwenye kompyuta yangu, anakuta mauzo ya kampuni nzima yamebaki ya Tanga peke yake. Mwanaume akashika meza. Akaomba maji. Kumbe juu kulia kuna alama ndogo ya filta inayokwambia kipi kimechaguliwa. Ndogo hasa. Mimi mpaka nivue miwani ndipo naiona. Mtu aliyeitengeneza ana miaka ishirini na hajawahi kusoma mkataba wa mkopo.

Hilo nalo lilipita. Likaja la majina ya mahali. Hapa ndipo nilipotaka kuacha kazi.

Vijana wetu wa mauzo wana programu kwenye simu. Wakifika dukani wanajaza jina la duka na eneo. Kwenye jina la duka wote wanaandika "Kwa Mangi". Wote! Nikichuja Mangi, nabaki na nusu ya jiji. Kwenye eneo wanaandika kituo cha basi, kwa sababu mtu wa Dar anamwelekeza mwenzake kwa vituo. Duka liko Kinondoni, kijana anaandika "Morocco". Liko Manzese, anaandika "Argentina". Lile la Magomeni anaandika "Kagera". Kule Kijitonyama anaandika "Victoria". Mimi na wewe tunaelewa. Konda anaelewa. Hata mtoto wa chekechea anayepanda mwendokasi anaelewa.

Ramani haielewi. Ramani ikipewa jina, inakwenda kuliulizia duniani, na dunia inajibu inavyojua yenyewe. Nikafungua ripoti nikakuta tuna mteja mzuri kule Afrika Kaskazini, karibu na mfalme. Tuna mteja Amerika Kusini, anadaiwa. Mteja wa Victoria yuko Australia na ameomba apewe sabuni kwa mkopo. Duka la Magomeni limehamia Bukoba. Lile la kituo cha Korogwe, hapohapo Morogoro Road ukitoka Kimara, limepelekwa Tanga. Na Mangi wa kituo cha Kibo, pale Ubungo, kapandishwa Kilimanjaro. Kibo ndicho kilele kirefu kuliko vyote vya ule mlima, mita 5,895, na barafu juu. Mangi anauza sabuni ya kufulia kwenye barafu. Anamfulia nani?

Bosi akatazama ile ramani muda mrefu. Akauliza taratibu, "Tunauza Argentina?" Kabla sijafungua mdomo, meneja masoko akapiga makofi. Akasema huo ni upanuzi. Akataka tuandike taarifa kwa vyombo vya habari. Nikajiona mtu. Kama dakika moja hivi. Halafu mhasibu akauliza nauli ya lori la kufika huko iko ukurasa gani.

Dogo akaja tena. Shikamoo mzee, marahaba. Akanieleza kwamba jina la mahali likienda peke yake ni kumpa bodaboda "nishushe Majengo" bila kumwambia mji. Majengo iko Moshi, iko Dodoma, ukivuka mpaka iko Mombasa na iko Nairobi. Kwa hiyo ongeza safu za wilaya, mkoa, nchi. Iambie programu kabisa kwamba safu hii ni mkoa, ile ni nchi, isikae inabahatisha. Na kama unaweza, achana na majina, tumia latitudo na longitudo, maana simu ya kijana inazichukua yenyewe akiwa amesimama dukani.

Latitudo na longitudo! Mimi jiografia niliiacha mikononi mwa mwalimu, na mwalimu mwenyewe alihamishwa muhula wa pili. Nimebaki nakumbuka kuna mistari inalala na kuna mistari inasimama. Dogo akachora kwenye ubao. Dar iko latitudo hasi 6.8, kwa sababu tuko kusini mwa Ikweta, na longitudo 39.28, kwa sababu tuko mashariki ya ule mstari wa Greenwich, Uingereza. Hiyo alama ya hasi ni kistari kidogo tu. Mimi nikaona kinachafua jedwali. Nikaviondoa vyote, safi, namba zikakaa sawa.

Maduka yote ya Dar yakahamia Ethiopia. Ndiyo! Ukiondoa kile kistari unavuka Ikweta, unatua kwenye milima ya Bale. Nilipovirudisha, safu zikapishana, latitudo ikakaa kwa longitudo na longitudo kwa latitudo. Sasa tuko Hispania, upande wa mpaka wa Ureno. Kariakoo nzima Hispania. Temeke Hispania. Pasipoti hatuna, viza hatuna, tumefika na sabuni.

Halafu kuna maduka yaliyokuwa hayaonekani popote. Nikatafuta Mbagala, hamna. Nikavuta ramani mbali mpaka Afrika ikaonekana nzima, nikayakuta yamejikusanya baharini, Ghuba ya Guinea, kusini mwa Ghana. Dogo akasema simu ikikosa GPS, ile programu yetu inaandika sufuri na sufuri. Na sufuri kwa sufuri ndipo hapo, Ikweta inapokatana na mstari wa Greenwich. Watu wa ramani wamepabatiza jina la kisiwa, ila nchi kavu hakuna. Kuna maji na maduka yetu ya Mbagala.

Nikasema sasa nimeshajua. Nikaburuta latitudo mwenyewe, nikaburuta longitudo mwenyewe, bila kumwita dogo. Programu ikaona namba, ikafanya kinachofanywa na namba. Ikajumlisha. Latitudo ya maduka yetu ikawa hasi kubwa mno. Kwa taarifa yako, latitudo ya dunia hii inaishia 90 upande wa kaskazini na 90 upande wa kusini. Zaidi ya hapo ni mambo ya Mungu. Dogo akanifundisha niiambie isijumlishe. Mimi nikachagua wastani, maana wastani una heshima. Nilikuwa nimechuja Dar na Unguja tu, vidoti vyote vikawa kidoti kimoja. Wateja wa Dar na wateja wa Unguja wakapatanishwa katikati, na katikati ya Dar na Unguja ni bahari. Bosi akanyoosha kidole kwenye projekta: "Huyu ni nani?" Nikamjibu kwamba huyo ni mteja wa wastani.

Usicheke, jirani. Mpaka leo wananiita hivyo. Nikipita mapokezi: "Mteja wa Wastani, umeamkaje?"

Tukaja kwenye orodha yenyewe sasa. Nikaieksipoti, nikaona kila latitudo ina namba sita baada ya nukta. Za nini? Nikazipunguza zikabaki mbili, ripoti ipendeze. Bosi akasema twende tukahakiki duka moja Tandale, yaani niende mimi. Nikapanda bodaboda, nikampa namba, akaziweka kwenye simu, akanipeleka mpaka ukingo wa mtaro. Duka hakuna. Kuna bata. Nikampigia dogo. Akasema digrii moja ya latitudo ni kama kilomita 111. Ukiacha namba mbili baada ya nukta, umebaki na kipimo cha kilomita moja na ushee. Ukiacha nne unafika mita 11, hapo unamwona mwenye duka kwa macho. Kilomita moja ya Tandale, jirani! Hapo kuna maduka mengi kuliko wateja. Bodaboda akanidai hela ya kusubiri, na bata mmoja akanifukuza.

Ofisi yetu inatumia Power BI, na huko nako kuna sheria za forodha. Ukitoa data kwa CSV, mwisho mistari 30,000. Ukitoa kwa Excel, mwisho 150,000. Zinazozidi hapo zinabaki ndani. Kwa hiyo ukikuta orodha yako imeishia kwenye 30,000 kamili, usishangilie kwamba hesabu imenyooka. Chuja kwanza mkoa kwa mkoa, utoe kidogokidogo. Mimi nilishangilia. Nilimwandikia bosi: "Tumegusa wateja elfu thelathini bila kupungua hata mmoja." Akaisambaza ile barua kwa wakurugenzi.

CSV nayo ukiibonyeza mara mbili ifunguke kwenye Excel, namba za simu zinapoteza sufuri ya mbele. Zile zilizoandikwa kwa 255 zinageuka 2.56E+11. Nikawagawia vijana orodha wawapigie wateja. Kijana mmoja akaja kuniuliza, "Kaka, hii E iko wapi kwenye simu?" Nikamwambia atafute vizuri. Dogo anasema CSV haifunguliwi kwa kubonyezwa. Unaiingiza kupitia menyu ya Data, safu ya simu unaiambia wewe ni maandishi, siyo namba. Yaani namba ya simu siyo namba. Mimi nimeshaacha kubishana.

Ila kuna jambo moja ile orodha ilifanya, na ndilo lililonitia kwenye matatizo makubwa kuliko yote. Kwenye ramani, eneo la kijana mmoja lilikuwa na kidoti kimoja kinene. Tukadhani ni duka kubwa. Nilipoieksipoti na kuipanga kwa latitudo, nikakuta maduka chungu nzima yana namba zilezile mpaka tarakimu ya sita. Maduka ya mitaa tofauti yamesimama juu ya jiwe moja! Ramani inavipanga vidoti kimoja juu ya mwenzake, wewe unaona kimoja. Orodha haifichi. Nikaziweka zile namba kwenye simu, nikaenda. Ni baa. Kijana alikuwa ameketi, chupa mbele yake, anatembelea maduka kwa kidole gumba.

Ungedhani nimepewa zawadi. Thubutu! Vijana wote wa mauzo wameninunia. Chai ya saa nne sisogezewi. Na bosi akaniuliza, "Wewe saa nane mchana baa ulikuwa unafanya nini?"

Nikataka kujisafisha. Nikaituma orodha nzima kwenye grupu la WhatsApp la ofisi, watu wajionee. Majina ya wenye maduka, simu, latitudo na longitudo mpaka tarakimu ya sita, na wengi duka lao ndilo baraza la nyumba wanayolala. Dogo akatoka chumbani kwake anakimbia, mara ya kwanza namwona anakimbia. "Mzee, futa! Kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, ya 2022, imeanza kutumika Mei 2023, na ina tume yake kabisa!" Nikafuta. Lakini grupu lile lina watu walioacha kazi zamani, lina dereva wa kampuni nyingine, lina shemeji yake bosi. Nimebaki nasubiri barua.

Kwa hiyo jirani, na wewe ukipewa hiyo ramani inayocheza, nakupa ushauri wa bure, chai utalipia wewe. Kabla hujaeksipoti, angalia juu kulia filta ipi imelala na wewe tangu jana. Toa orodha kwenye jedwali, siyo kwenye ramani. Vistari vya hasi viache vilivyo, hata kama vinachafua. Tarakimu baada ya nukta usizinyoe. Jina na simu ya mtu usimpe asiyehusika. Orodha ikishatoka, isome kwa macho yako kabla bosi hajaisoma, maana ramani inajua kuchora tu, haijui kuona aibu. Na wewe Mangi wa pale kituoni, kama unanisoma, kijana wetu akija mwambie aandike Kinondoni, Dar es Salaam, Tanzania. Deni lako bado linasoma Morocco.